Namna ya kumpata mwalimu mzuri wa tuisheni: tazama anavyolishughulikia kosa la mwanafunzi

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila ripoti za shule zinapofika nyumbani, wazazi wengi huanza kuulizana ni wapi atapatikana mwalimu mzuri wa tuisheni, na majibu wanayopewa karibu yote huzunguka mambo matatu: ana elimu gani, anatoza kiasi gani, na wanafunzi wake waliotangulia walipata alama gani. Nimefundisha hisabati darasani, na nimefundisha pia mwanafunzi mmoja mmoja nyumbani kwao. Kwa uzoefu huo naamini kwamba maswali hayo, ingawa ni halali kuulizwa, hayatoshi kumtenganisha mwalimu atakayemsaidia mtoto na yule atakayempotezea muda. Kinachowatenganisha ni namna mwalimu anavyolishughulikia kosa la mwanafunzi, na jambo hilo mzazi anaweza kuliona kwa macho yake hata kama somo lenyewe halijui.

Tuchukue hesabu ya kutoa ambayo sote tuliipitia: 52 kutoa 38. Mtoto anaandika 26. Mwalimu wa aina ya kwanza anatia alama ya kosa, anaandika 14 pembeni, anaeleza upya jinsi ya kukopa kutoka nafasi ya makumi, kisha anatoa maswali kumi mengine. Mwalimu wa aina ya pili anatulia kwanza na kujiuliza hiyo 26 imetoka wapi. Akiitazama vizuri anagundua kwamba mtoto, alipoona 2 juu na 8 chini, alitoa 2 katika 8 akapata 6, halafu akatoa 3 katika 5 akapata 2. Mtoto huyo hakubahatisha hata kidogo. Ana kanuni aliyojitungia, kwamba tarakimu ndogo ndiyo hutolewa katika kubwa popote zilipo, na anaifuata kwa uaminifu mkubwa. Ili kuthibitisha, mwalimu anampa 91 kutoa 64, na kabla mtoto hajamaliza kuandika, yeye ameshajua kwamba jibu litakuwa 33 badala ya 27. Likitokea hivyo, tatizo limeshajulikana, na nusu saa ya kufundisha inayofuata italenga mahali penye ugonjwa.

Jambo hili limechunguzwa kitaalamu. Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba makosa mengi ya watoto katika kutoa namba yana utaratibu wake, kiasi kwamba ukiijua hatua moja iliyopotoka unaweza kutabiri majibu yasiyo sahihi yatakayofuata. Maana yake kwa mzazi ni kubwa. Mtoto mwenye kanuni potofu akipewa maswali kumi zaidi bila kanuni hiyo kuguswa, atakuwa ameifanyia kanuni yake potofu mazoezi kumi. Ndiyo sababu kuna watoto wanaohudhuria tuisheni mwaka mzima, madaftari yamejaa, na alama hazisogei.

Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza kinaanza hata kabla ya kipindi cha kwanza. Unapozungumza na mwalimu kwa mara ya kwanza, sikiliza anauliza nini. Akiuliza tu mtoto yupo darasa gani, mtihani ni lini na atakuja siku zipi, bado hajakuonyesha kitu. Akiomba kuona madaftari na karatasi za mitihani iliyosahihishwa, hasa kurasa zenye makosa, huyo ameanza kazi. Wapo wanaofika na mpango mzima wa masomo tayari, umechapwa vizuri, mada baada ya mada, na wazazi huvutiwa sana na mpango huo. Mimi hunipa shaka, kwa sababu umeandikwa kabla mwandishi wake hajamwona mwanafunzi.

Kigezo cha pili ni kipindi cha majaribio, ambacho mzazi anapaswa kukilipia na kukaa karibu akisikiliza bila kuingilia. Huhitaji kuelewa fizikia wala kemia ili kukitathmini. Tazama kalamu ipo mkononi mwa nani. Tazama nani anazungumza kwa muda mrefu zaidi. Mwalimu akiuliza swali, je, anasubiri, au kimya kikizidi kidogo anajibu mwenyewe na kuendelea? Michelene Chi na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti kuhusu ufundishaji wa mtu mmoja kwa mmoja katika mada ya mzunguko wa damu, ambamo walimu walizuiwa kutoa maelezo na badala yake wakatakiwa kumchochea mwanafunzi aeleze mwenyewe. Wanafunzi hao walijifunza kwa kiwango kilekile cha wenzao waliopewa maelezo kwa wingi. Maelezo yana nafasi yake, nami siyadharau, lakini mwalimu anayezungumza saa nzima kwa ufasaha anaweza kumfurahisha mzazi aliye sebuleni huku mtoto akiwa msikilizaji tu.

Nitoe mfano mwingine wa kile unachopaswa kukisikia. Mwanafunzi anajumlisha nusu na theluthi, anajumlisha namba za juu na za chini, anapata 2/5. Mwalimu mzuri anaweza kumuuliza swali moja tu: kati ya 2/5 na nusu, ipi ni kubwa? Mtoto akitafakari ataona kwamba 2/5 haifiki nusu, na kwamba ameanza na nusu, ameongeza kitu, na amepata kilicho pungufu ya alichoanza nacho. Hapo mshangao unaoonekana usoni mwake ndio mlango wa kufundishia kwa nini asili za sehemu lazima zifanane kwanza. Kanuni ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika itakuja baada ya hapo, ikiwa na sababu. Mwanafunzi huyo pia amepata kitu atakachoingia nacho katika chumba cha mtihani bila mwalimu, yaani tabia ya kujiuliza kama jibu lake linawezekana.

Kigezo cha tatu ni watu waliomtumia kabla yako. Wengi huwauliza wazazi hao kama alama zilipanda, na kwa kuwa alama hupanda na kushuka kwa sababu nyingi, jibu halisaidii sana. Uliza badala yake: mwalimu aligundua nini kuhusu mtoto wako ambacho ulikuwa hukijui? Halafu uliza walimalizana lini na kwa nini. Mzazi akikuambia kwamba mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema mtoto sasa anaweza kuendelea peke yake, ushuhuda huo una uzito kuliko karatasi ya matokeo.

Kuhusu malipo, ratiba na taarifa ya kutofika, andikeni makubaliano mafupi tangu mwanzo. Sina zaidi ya hilo.

Mwisho, kuhusu matarajio. Mwaka 1984 Benjamin Bloom aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa mmoja kwa mmoja alifikia kiwango cha kuwazidi asilimia 98 ya wanafunzi wa darasa la kawaida, na matangazo ya tuisheni yanaipenda sana namba hiyo. Tafiti za baadaye hazikuona manufaa makubwa kiasi hicho. Andre Nickow, Philip Oreopoulos na Vincent Quan walikusanya majaribio 96 mwaka 2020, na wastani wa athari waliyoipata ni sawa na kumchukua mwanafunzi aliye katikati kabisa ya kundi la watu 100 na kumsogeza hadi awapite takriban 64. Hayo ni mafanikio makubwa kwa kipimo chochote cha elimu, na mwalimu anayekuahidi zaidi ya hapo ndani ya wiki chache hastahili kuaminiwa.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante sana, mwalimu, kwa uzi wenye faida. Mimi ni mama wa mtoto anayesumbuliwa na hisabati, na nipo njia panda. Nimepata kijana wa chuo kikuu ambaye ni hodari mno katika somo hilo, na nimepata pia mwalimu mstaafu ambaye wanasema hana sifa kubwa za kitaaluma ila amefundisha kwa miaka mingi. Je, unanishauri nimchukue yupi?

Mleta uzi

Mama, swali lako limegusa jambo ambalo Lee Shulman alilieleza vizuri mwaka 1986, kwamba kulijua somo na kujua namna ya kulifanya somo hilo lieleweke kwa anayeanza ni maarifa mawili. Mtu hodari sana katika hisabati mara nyingi hakumbuki tena ugumu ulikuwa wapi, kwa kuwa hatua ambazo kwa mtoto ni tano, kwake zimekuwa moja. Kwa upande mwingine, miaka mingi ya kufundisha haina faida kama mwalimu alirudia kipindi kilekile mwaka baada ya mwaka. Katika mapitio yale ya mwaka 2020, walimu wenye taaluma na wasaidizi wa walimu waliopata maandalizi walionekana kuwa na matokeo makubwa kuliko watu wa kujitolea na wazazi, jambo ambalo linampa mstaafu wako nafasi ya mbele kidogo.

Hata hivyo usiamue kwa sifa. Wape wote wawili ukurasa uleule wa daftari la mtoto wenye makosa, kila mmoja kwa wakati wake, na umwombe akuambie mtoto alikuwa anawaza nini alipoandika hivyo. Atakayejibu "hajui kugawanya" amekupa lawama. Atakayekuonyesha kwa kidole mstari ambao mambo yalianza kupotoka ndiye wa kumpa kipindi cha majaribio, awe kijana au mzee.

Mchangiaji wa pili

Nashukuru kwa mada, lakini naomba kutofautiana kidogo na mleta uzi. Binti yangu anakabiliwa na mtihani wa mwisho hivi karibuni. Hatuna muda wa kuchimba fikra za kila kosa. Mwalimu tuliyempata anampa mitihani ya miaka iliyopita mmoja baada ya mwingine, na nadhani kwa hali yetu hiyo ndiyo njia sahihi. Kuna ubaya gani?

Mleta uzi

Ndugu yangu, hakuna ubaya, na katika hilo una hoja nzito. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba kujipima kwa kukumbuka bila kutazama kitabu hufanya maarifa yakae muda mrefu kuliko kusoma tena na tena kifungu kilekile, hata pale ambapo anayesoma tena anajihisi anajua zaidi. Kwa hiyo mitihani iliyopita ni zana nzuri sana.

Ninachokuomba ukitazame ni kile kinachotokea baada ya karatasi kukamilika. Kama mwalimu anasahihisha, anaandika alama juu, na kesho analeta karatasi nyingine, basi sehemu kubwa ya faida inaachwa mezani. Muda mwingi wa kipindi unapaswa kuwa kwenye maswali aliyokosa: alikosa kwa sababu hakuelewa swali, kwa sababu hakujua mada, au kwa sababu alijua lakini akateleza katika kukokotoa? Hizo ni shida tatu zenye tiba tofauti. Mwanafunzi wa baiolojia anayekosa maswali kwa kuwa ameulizwa "fafanua" naye akaorodhesha tu, hahitaji kufundishwa tena mada ya usanisinuru. Anahitaji kujifunza kusoma kitenzi cha swali. Mwombe mwalimu atenge daftari moja dogo ambamo binti anaandika kila swali alilokosa, sababu ya kulikosa kwa maneno yake mwenyewe, na jibu sahihi alilolifanya upya siku chache baadaye bila kutazama. Karatasi chache zilizopitiwa hivyo zitamfikisha mbali kuliko rundo lililosahihishwa haraka.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mwalimu wa darasani na ningependa kuongeza jambo ambalo wazazi hulisahau. Mkishampata mwalimu wa tuisheni, tuambieni. Mara nyingi namfundisha mtoto njia moja ya kutatua milinganyo, jioni anafundishwa njia nyingine na mtu asiyejua sisi tumefika wapi, kesho yake mtoto anachanganya zote mbili na kupata jibu lisilo la upande wowote. Ujumbe mfupi wa mzazi kwa mwalimu wa shule unaweza kuliondoa tatizo hilo.

Pili, msitafute tuisheni kabla ya kuniuliza mimi niliye naye darasani. Wapo watoto ambao tunawaona wanakodoa macho kutazama ubao, au wanaogeuza sikio moja kila tunapozungumza, au ambao kusoma kwenyewe ni kazi nzito kwa sababu ya disleksia ingawa akili zao ni nyepesi. Hao wanahitaji uchunguzi wa wataalamu kwanza, kwa kuwa saa za ziada za ufundishaji uleule zitawachosha tu.

Mleta uzi

Mwalimu mwenzangu, umenena vyema, na ningefurahi kila mzazi aisome aya yako ya pili mara mbili.

Niongeze jambo moja linalohusiana na hilo, ingawa ni gumu kulisema. Wazazi wengi huona njia rahisi ni kumlipa mwalimu yuleyule wa darasani amfundishe mtoto wao jioni. Anaijua mada, anamjua mtoto, kwa nini isiwe hivyo? Tatizo ni kwamba mwalimu anayelipwa kwa kile alichokiacha darasani anawekwa katika mtihani mzito wa dhamiri, na hata akiwa mwadilifu kabisa, watoto wa wazazi wasioweza kulipa wataanza kuhisi kwamba somo halisi linatolewa mahali pengine. Mark Bray, aliyeandika mengi kuhusu tuisheni duniani tangu miaka ya 1990, amelitaja hili kuwa miongoni mwa hatari kubwa za mfumo huu, na zipo nchi zinazolikataza. Ushauri wangu ni kumtafuta mtu mwingine, na kumwacha mwalimu wa darasa abaki kuwa mshauri wa wote wawili.

Mchangiaji wa nne

Naomba kuuliza kuhusu tuisheni ya mtandaoni. Mtoto wangu yupo sekondari na mwalimu tuliyempata anaishi mbali, kwa hiyo wanakutana kwa video. Nitajuaje kwamba kalamu ipo mkononi mwa mtoto, kama ulivyosema, wakati mwalimu anaona uso tu?

Mleta uzi

Swali zuri sana, na jibu limo ndani yake: mwalimu asikubali kuona uso tu. Kamera ya pili, ambayo inaweza kuwa simu iliyoegemezwa kwenye vitabu ikitazama chini, ielekezwe kwenye daftari ili mwalimu aone mstari unapoandikwa, unapofutwa na unapositasita. Au mtoto aandike kwenye ubao wa pamoja ambao wote wawili wanauona. Mwalimu asiyeona kazi inavyofanyika atabaki kuona jibu la mwisho, na jibu la mwisho ndilo lenye habari chache zaidi. Ukipita na kukuta skrini inaonyesha slaidi za mwalimu tangu mwanzo hadi mwisho, ujue mtoto anatazama kipindi cha televisheni.

Kwa kuwa tumegusa mtandao, niseme na la usalama, ambalo halina mjadala. Iwe ni ana kwa ana au kwa video, kipindi kifanyike mahali ambapo mtu mzima wa nyumbani anaweza kuingia wakati wowote, mlango ukiwa wazi. Thibitisha utambulisho wa mwalimu na uzungumze na watu wasiopungua wawili waliomtumia. Mawasiliano kati ya vipindi yapitie kwa mzazi, au yawe katika kundi ambalo mzazi yumo. Mwalimu mwema hataudhika na masharti hayo, kwa sababu yanamlinda na yeye. Anayeyakataa, au anayemwambia mtoto asimweleze mzazi jambo lolote, aondoke siku hiyohiyo bila kujali ufundi wake.

Mchangiaji wa kwanza

Nimerudi, mwalimu. Niliwapa wote wawili ukurasa wa daftari kama ulivyonielekeza. Kijana wa chuo ndiye aliyeona kwamba mwanangu anaisoma alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano kana kwamba inahusu namba ya kwanza pekee. Tumeanza naye. Swali langu la mwisho ni hili: nitajuaje kwamba wakati wa kuacha umefika? Sitaki mtoto azoee kutofanya kitu mpaka mtu akae pembeni yake.

Mleta uzi

Mama, hongera, na huyo kijana amekuonyesha kitu cha thamani. Kosa la mabano ndilo linaloharibu aljebra yote inayokuja mbele, kwa hiyo msiharakishe kulipita.

Kuhusu kuacha, lipange sasa hivi na si baadaye. Kubalianeni mada ambazo ndizo zilizomleta, kisha mwalimu awe anakupa taarifa fupi kila baada ya wiki chache: nini kimekaa, nini bado, na ameonaje. Dalili za kutazama ni za kawaida kabisa. Mtoto anaanza kuleta maswali yake mwenyewe kwenye kipindi, badala ya kungojea kuulizwa. Anakagua jibu lake kwa kulirudisha kwenye mlinganyo bila kukumbushwa. Anasema "nimekwama hapa" akionyesha mstari, mahali ambapo zamani alisema "sielewi chochote". Ukiziona, punguzeni vipindi taratibu: kama vilikuwa viwili kwa wiki viwe kimoja, kisha kimoja tu kila mada mpya inapoanza shuleni. Katika wiki zisizo na kipindi mpeni kazi ya kufanya peke yake, na mwalimu aipitie baadaye. Akiporomoka, rudisheni kipindi kimoja bila kumlaumu, mtafute ni wapi pamelegea, na mjaribu tena kupunguza baada ya mada hiyo kukaa sawa.